Kitabu Kilichotangulizwa na Ngoma

Wahenga walikwisha kutuambia kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Walakini wahenga hao hawakupata kuishi katika zama hizi, ambapo kizuri na kibaya vyote hutembezwa pamoja, vikapigiwa ngoma na matarumbeta miezi mingi kabla havijaonekana sokoni, hata mnunuzi akawa hana tena njia ya kupambanua kipi ni kipi. Hali hiyo tumeizoea katika sabuni na vitambaa. Katika vitabu bado hatujaizoea, na pengine ndiyo maana hutuumiza zaidi, kwani aliyenunua sabuni mbovu amepoteza fedha tu, bali aliyenunua riwaya mbovu amepoteza fedha na majuma mawili ya usiku wake.

Leo tunataka kuzungumza habari za riwaya moja ya Marekani iliyotolewa mwaka 2015, nayo ni Go Set a Watchman ya Bibi Harper Lee. Tumeichagua riwaya hiyo, ingawa miaka mingi imekwisha kupita, kwa sababu hatudhani kuwa katika karne hii kimepatikana kitabu kingine ambacho umbali baina ya kishindo chake na thamani yake unaweza kupimwa kwa uwazi namna ile. Aidha, yaliyoifika riwaya ile yana jambo ndani yake linalowahusu wasomaji wa visiwa hivi, na yanawahusu zaidi wale waliokabidhiwa dhamana ya vitabu vya skuli na maktaba zetu.

Kwanza ni lazima tueleze chanzo cha ngoma zenyewe. Mwaka 1960 Bibi Lee, mzaliwa wa mji mdogo wa Monroeville katika jimbo la Alabama, alitoa riwaya yake ya kwanza, To Kill a Mockingbird. Ni hadithi ya mtoto wa kike aitwaye Scout, anayemtazama baba yake, wakili Atticus Finch, akimtetea mtu mweusi aliyesingiziwa kumnajisi mwanamke wa kizungu. Riwaya hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961, ikafanywa filamu mwaka 1962, ikasomeshwa katika maskuli ya nchi nyingi, na nakala zake zilizouzwa zimepindukia milioni 40. Baada ya hapo mwandishi alinyamaza. Hakutoa riwaya nyingine kwa muda wa miaka 55, na kimya chake hicho kikawa sehemu ya sifa yake.

Basi ilipotangazwa tarehe 3 Februari 2015 kwamba umepatikana mswada wa riwaya nyingine ya Bibi Lee, ambamo Scout amekwisha kuwa mwanamke mzima, dunia ya wasomaji iliruka. Kwa miezi mitano hapakuwa na mazungumzo mengine katika kurasa za vitabu za magazeti ya Ulaya na Marekani. Wachapishaji walipiga chapa nakala milioni 2 kwa kuanzia. Wahakiki hawakupewa kitabu mapema kama ilivyo desturi. Kilifungiwa hadi siku yenyewe, jambo ambalo lilitafsiriwa na wengi kuwa ni heshima kwa kitu cha thamani. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai maduka kadha wa kadha yalifungua milango saa sita ya usiku, watu wakapanga safu kama wanaongojea mwandamo wa mwezi. Katika juma la kwanza peke yake, Marekani na Kanada zilinunua nakala zaidi ya milioni 1.1.

Hayo yote, tunaomba izingatiwe, yalitendeka kabla watu hawajaisoma.

Nakala iliyotufikia sisi tuliifungua kwa hamu ile ile. Na ni haki tuseme kuwa kurasa za mwanzo hazina ubaya. Jean Louise, ndiye yule Scout wa zamani, ana umri wa miaka 26 na anarudi nyumbani kwa gari la moshi kutoka New York kuja kumtazama baba yake, ambaye sasa ni mzee wa miaka 72 na viungo vyake vimeshikwa na baridi yabisi. Yupo kijana anayemposa. Yupo shangazi mkali anayejua kila mtu ni mtoto wa nani. Kuna mzaha mzuri, na kuna kumbukumbu za utotoni ambazo zingetosha kumchekesha hata karani wa forodha. Mji wa Maycomb tunauona, na vumbi lake na mazungumzo yake ya kanisani. Mtu aliyezaliwa katika mji mdogo wa Pemba au Unguja, ambako jina la ukoo hutangulia kuingia nyumbani kabla ya mwenyewe, hatakuwa mgeni katika kurasa hizo.

Kisha huja tukio ambalo ndilo roho ya kitabu. Jean Louise anamfuata baba yake mahakamani, anapanda roshani ile ile ambako utotoni alikaa akamwona akimtetea mtu mweusi, na kutoka hapo anamwona baba huyo huyo amekaa katika mkutano wa watu waliojikusanya ili kuhakikisha kuwa weusi hawapati haki sawa na wao. Vyama vya namna ile vilizuka kweli huko kusini mwa Marekani baada ya mahakama kuu ya nchi hiyo kuamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto katika skuli kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Binti anatoka nje, tumbo linamchafuka, anatapika.

Wapo waliokikasirikia kitabu kwa sababu ya tukio hilo. Walisema wameibiwa shujaa wao; wapo hata wazee waliowapa wana wao jina la Atticus wakabaki wanatazamana. Sisi hatumo katika kundi hilo. Kuonyesha kwamba mtu mwema wa mahakamani anaweza kuwa mtu mwengine mkutanoni ni kazi halali ya mwandishi, na pengine ni kazi nzito zaidi kuliko ile ya kutuchorea malaika. Sisi tuliozaliwa katika nchi zilizotawaliwa tumewafahamu wazungu wa aina hiyo: hakimu aliyekuwa mwadilifu kabisa katika hukumu zake, na jioni akaenda kunywa katika klabu ambamo mtu wetu aliingia kwa mlango wa nyuma, amebeba sinia. Hatukuhitaji kufundishwa kuwa mtu huyo yupo.

Kilichotuvunja moyo ni kingine. Tukio lile halina nguvu yake lenyewe. Nguvu yote limeiazima kutoka kitabu cha mwaka 1960. Msomaji ambaye hakumpenda Atticus kabla, hana sababu ya kustuka anapomwona pale. Ataona mzee mmoja wa kizungu wa Alabama amekaa katika mkutano wa wazungu wa Alabama, naye atajiuliza binti anatapikia nini. Riwaya haikujijengea msingi. Imepanda juu ya dari la nyumba ya jirani, kisha ikataka isifiwe kwa urefu. Na kama kwamba hilo halitoshi, zipo sehemu ndani yake, hasa zile za kueleza chimbuko la mji na tabia za shangazi, ambazo ni maneno yale yale ya riwaya ya kwanza, sentensi kwa sentensi.

Lipo tukio moja ambalo lingeweza kukiokoa kitabu. Jean Louise anakwenda kumtembelea Calpurnia, mpishi mweusi aliyemlea baada ya mama yake kufa. Mjukuu wa bibi huyo amemgonga na kumwua mzungu mlevi kwa gari, na familia imekaa kama iliyofiwa. Calpurnia anampokea mtoto aliyemlea kwa adabu ya mgeni: uso umefungwa, lugha imepangwa, macho hayasemi kitu. Binti anamwuliza kama alikuwa akiwachukia siku zote zile, naye mzee wa watu anatikisa kichwa. Ni kurasa chache tu, na ndizo bora kuliko zote. Tulipozisoma tulidhani kuwa sasa hadithi inaanza. Badala yake gari likawashwa, binti akaondoka, na Calpurnia hakurejea tena kuwa mtu mbele yetu.

Hapo hatukuweza kujizuia kumkumbuka Kijakazi wa Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Kijakazi naye ni mtumishi mwaminifu wa nyumba ya wakubwa. Naye amelea na kupika na kutandika, na bwana wake anamdharau mchana kweupe. Lakini mwandishi wetu hakumwacha jikoni. Alimfuata, akatuonyesha namna utumwa unavyoingia ndani ya moyo wa mtu hata akaupenda, na akatulazimisha kukaa na aibu hiyo muda mrefu. Riwaya ile ina makosa yake, na wapo wanaosema kuwa siasa imeishinda sanaa mahali fulani, tunakubali. Hata hivyo, katika swali la nani anastahili kuwekwa katikati ya hadithi ya bwana na mtumishi, mtu wa Unguja mwaka 1978 aliona mbali kuliko bibi wa Alabama. Wala hatukumbuki kuwa duka lolote lilifunguliwa saa sita ya usiku kwa ajili yake.

Turudi katika kitabu chetu. Tulisoma hadi sura ya kumi na nne, ambapo ami yake Jean Louise, Daktari Finch, anaketi na kuanza kumweleza mwanawe huyo tabia na historia ya watu wa kusini. Anazunguka, anapanda, anashuka, anataja Waingereza, anataja vita vya zamani vya wenyewe kwa wenyewe, na kila tulipodhani amefika bandarini tulimwona ametweka tanga upya. Tuliisoma sura ile mara mbili. Baada ya hapo tulichungulia sura zilizobakia, tukaona ni mijadala mingine: binti na mposaji, binti na baba, binti na ami tena. Matendo yamekwisha, yamebaki maneno. Tukaweka alama, tukakifunga kitabu, na hatukukifungua tena. Namna kinavyokwisha tumeijua kwa maandishi ya wahakiki, na hawakutupa sababu ya kujuta.

Tunajua kuwa yapo maoni kwamba kitabu kilichoanzwa sharti kimalizwe. Watu wa maoni hayo ni waungwana na tunawaheshimu, ila tunaona wamechanganya adabu mbili. Mwenyeji akikukaribisha chakula, huinuki nusu ya sahani. Lakini mwandishi si mwenyeji. Yeye ndiye aliyekuja kwetu kugonga mlango, tukamfungulia, tukampa taa na kiti. Akishindwa kutuzungumza, ni haki yetu kusinzia. Anayestahili kuhurumiwa ni mwanafunzi wa skuli, maana yeye hana haki hiyo: kitabu alichochaguliwa na wakubwa atakimaliza apende asipende, atakijibia mtihani, na kama ni kitabu kikavu, huenda kikawa cha mwisho kukisoma maishani mwake. Tungependa wale wanaopanga orodha za vitabu vya kusomeshwa waikumbuke sura hiyo ya kijana anayepiga miayo, kabla hawajatia saini.

Sasa, riwaya ile ilikuwa kitu gani hasa? Jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo kwa aliyetaka kuuliza. Haikuandikwa baada ya To Kill a Mockingbird. Iliandikwa kabla yake. Katika mwaka 1957 kampuni ya Lippincott iliununua mswada wa msichana asiyejulikana, na mhariri wake, Bibi Tay Hohoff, akaona kuwa mna cheche humo lakini hamna riwaya. Alimrudishia. Akamwelekeza aache mambo ya Jean Louise mtu mzima, ashike zile kumbukumbu za utotoni, aeleze yote kwa sauti ya mtoto. Walifanya kazi hiyo zaidi ya miaka miwili, kufuta na kuandika, kufuta na kuandika. Kilichotoka katika tanuri ile ndicho kitabu kilichopata Pulitzer. Kilichouzwa mwaka 2015 ni udongo kabla haujatiwa motoni.

Kwa hiyo, aibu haimwendei mwandishi. Hakuna fundi duniani ambaye hana ubao alioharibu akijifunza. Aibu inakwenda kwa utaratibu wa biashara ambao uliuchukua ubao huo, ukaupiga rangi, ukautangaza kuwa ni sanduku jipya. Duka moja la vitabu katika mji wa Traverse City, jimboni Michigan, lilipata ujasiri wa kuwaambia wanunuzi wake kwamba hiyo si riwaya mpya ya kustarehesha bali ni rasimu ya kuwafaa wachunguzi wa fasihi, na aliyeinunua kwa kudhani vingine arudi achukue fedha zake. Tunamvulia kofia mwenye duka huyo. Mwandishi mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 89, amekwisha pata maradhi ya kiharusi, anaishi katika nyumba ya kutunza wazee. Dada yake, wakili aliyemlinda kwa muda mrefu, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Maofisa wa Alabama walichunguza kama ameonewa, wakasema hawakukuta ushahidi wa hilo. Bibi Lee alifariki tarehe 19 Februari 2016.

Katika habari yote hii, mtu ambaye sisi tunamwona mkubwa ni Bibi Hohoff. Jina lake halimo juu ya jalada lolote la riwaya hizo. Lakini kutoa Go Set a Watchman hadharani kumefanya kazi moja ambayo wachapishaji hawakuikusudia: kumewaonyesha watu wote, kwa kuweka vitabu viwili sambamba, kazi ya mhariri ni nini. Mwenye kutaka kujua tofauti baina ya mtu mwenye kipaji na mwandishi aliyekamilika, aisome sura moja hapa na sura moja kule.

Na hapa ndipo tunapotaka kuongea na wakubwa. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili. Tangu Aprili 2023 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Hatuna ila furaha kwa hayo. Watoto wa visiwa hivi, ambavyo vilimtoa Muhammed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale tangu mwaka 1960, wana haki ya kuitwa jukwaani na kushikwa mkono. Walakini tuzo ni ngoma, na ngoma humtangulia bibi harusi, haimwozi. Mswada uliotunukiwa si lazima uwe umeiva. Baina ya jukwaa la tuzo na mtambo wa kupiga chapa inatakiwa nafasi ya mtu aliyelipwa mshahara wake, aliyepewa mwaka mmoja au miwili, na mwenye ruhusa ya kumwambia mshindi: rudi, sura hizi sita zifute. Tunaona fedha nyingi zikipangiwa ukumbi, mapambo na maakuli ya siku moja. Hatujaona bado zikipangiwa uhariri kwa ukarimu huo huo. Wapo waandishi wetu wanaolipia kupiga chapa kwa fedha zao wenyewe, na wa kwanza kuwasahihisha huwa ni msomaji aliyekwisha kununua.

Aidha, isidhaniwe kuwa kila kitabu kinachowekwa chini kina kasoro. Tarehe 7 Oktoba 2021 mtoto wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, shangwe ilikuwa kubwa mitaani mwetu, na wengi walitafuta vitabu vyake kwa juhudi. Tunawafahamu waliovianza wakaviacha katika kurasa za mwanzo. Ukiwauliza, hawasemi kuwa hadithi haikuwapendeza. Wanasema Kiingereza kiliwachosha. Hilo ni jambo jingine kabisa. Bibi Lee tulimwacha tukiwa ndani ya nyumba yake. Hawa wenzetu walibaki barazani, mlango umefungwa. Riwaya ya Paradise ilitoka mwaka 1994, nayo ilipata kusomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, kwa kazi njema ya mfasiri Ida Hadjivayanis na wachapishaji Mkuki na Nyota. Miaka 28 ni muda mrefu kwa hadithi ya pwani yetu kurejea nyumbani katika lugha ya pwani yenyewe, na vitabu vingine vya mwandishi huyo vipo safarini vinangoja chombo. Iwapo ofisi yoyote ina fungu la vitabu mwaka huu na haijajua ilipeleke wapi, wafasiri wapo.

Kuhusu nakala yetu ya Go Set a Watchman, hatukusudii kuiuza wala kuitupa. Itapelekwa maktaba pamoja na nakala ya To Kill a Mockingbird, na tumemwomba mtunzaji aviweke rafu moja, vikiwa vimegusana. Alama iliyomo katika sura ya kumi na nne tumeiacha pale pale.